Talaka ya Mtu Aliyelala

Mimi ni mwanamke wa Njombe. Kwetu mtu akilala amelala. Baridi inamfunga ndani ya blanketi mpaka asubuhi, na akiamka hana la kusimulia. Sikujua kwamba kuna watu ambao kwao usingizi ni kazi, tena kazi ya misuli, mpaka nilipohamishiwa shule ya msingi huku Mahurunga nikapanga chumba katika nyumba ya Mzee Hemedi Nalinga.

Mchana mzee huyu hana makuu. Anatembea kwa hatua fupi akikwaruza sakafu, mkono wake wa kulia unatetemeka kama anayevuta tasbihi, na sauti yake imeshuka hadi inabidi umwinamie ndipo umsikie. Uso wake nao umekaza. Siku ya kwanza alinikaribisha bila hata nyusi kucheza, nikajua moja kwa moja kwamba sitakiwi katika nyumba hii. Mkewe, Bi Mwanakombo, akanishika bega.

"Usimwogope, mwanangu," akasema. "Hapo anacheka."

Daktari wa mjini Mtwara aliuita ugonjwa huo Parkinson. Jina lilisafiri kutoka mjini hadi kijijini kwa midomo ya watu, likafika limechakaa, kwa hiyo wengi hapa wanasema Mzee Hemedi ana ugonjwa wa Kipakistani. Wapo wanaouliza alikwenda lini huko Pakistani. Wapo wanaowajibu kwamba hakwenda, ila alipokuwa mvushaji pale Kilambo alivusha watu wa kila namna, na huenda mmoja wao alimwachia. Nimejaribu kuwasahihisha. Nimefundisha miaka mingi na ninalijua darasa ambalo limeshaamua.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake umri wake wote wa nguvu, kuvusha watu Mto Ruvuma kwa mtumbwi, kutoka upande wetu kwenda Msumbiji na kurudi. Na akilala anairudia. Mtu ambaye mchana anashindwa kufunga kifungo cha shati, usingizini anapiga kasia kwa mikono miwili na hakuna unaotetemeka. Anawakemea viboko. Anawagombeza abiria wanaosimama mtumbwi ukiwa katikati ya mto. Sauti yake huko ni nene, sauti ya mtu aliyezoea kusikika ng'ambo, inapenya ukuta wangu na kunikuta kitandani. Daktari aliwaeleza kwamba mtu akiota mwili wake hujifunga ili ndoto isitoke nje, na kwa mgonjwa huyu kitasa kimelegea. Akawashauri walale vitanda tofauti na waondoe vitu vigumu karibu naye.

Bi Mwanakombo aliondoa vitu vigumu. Kitanda cha pili alikikataa. Siku pigo la kasia lisilokuwepo lilipomng'oa jino, hakuhama. Alimwagiza kijana wa bodaboda amtafutie helmeti, na tangu siku hiyo analala ameivaa. Nilikuwa nikisikia kifungo chake kinalia tak ng'ambo ya ukuta, najua safari ya Msumbiji inakaribia kuanza, nami navuta mto juu ya masikio. Sitasema uongo, nililalamika sana kwa walimu wenzangu.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya kivuko, maana bila hiyo hamtaelewa jinsi watu wazima walivyovurugana. Wavushaji wa zamani hawakuondoka kimya kimya. Mvushaji akiona abiria wake amechelewa, bado anabishania ndizi huko juu ukingoni, alisimama kwenye mtumbwi akamtangazia mara tatu: nimekuacha, nimekuacha, nimekuacha. Ya tatu ikishatoka anasukuma, na hakuna wa kumlaumu. Mzee Hemedi alijulikana kwa hilo pande zote mbili za mto. Sasa, maneno hayo hayo mume akimwambia mkewe, kila mtu anajua maana yake.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, Bwana Yusufu alikuja kutoka Madimba kumtazama dada yake. Yusufu ni mdogo wa Bi Mwanakombo, mcha Mungu, mkaidi, na anampenda dada yake kwa namna ya kumchosha. Lile pengo la jino lilikuwa limemkaa rohoni. Kila akija hotuba ilikuwa ile ile, kwamba dada ahame, akalale kwake Madimba, atauawa na mtu anayekoroma.

Baada ya chakula mzee alijinyoosha kwenye mkeka barazani akasinzia. Yusufu alikaa pembeni yake anamenya ming'oko, vile viazi vya porini vya huku. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti changu nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Bi Mwanakombo akatoka ndani na chupa ya chai, akasimama miguuni mwa mkeka akitafuta mahali pa kuiweka. Hapo mzee akaketi wima kwa mkupuo mmoja, macho wazi, shingo imenyooka.

"Nimekuacha," akasema kwa ile sauti nene. "Nimekuacha. Nimekuacha."

Kisha akajilaza, akaendelea kukoroma.

Yusufu aliweka chini ming'oko yake. "Umesikia, dada? Tatu. Zimetimia."

"Amelala huyu," Bi Mwanakombo akasema.

"Macho yalikuwa wazi, na alikuwa anakutazama wewe." Akanigeukia mimi. "Mwalimu alikuwepo. Mwalimu ni shahidi."

Jina langu ni Witness. Sikuwahi kulichukia kama siku ile.

Nilitegemea Bi Mwanakombo ambwatukie mdogo wake, maana ulimi anao. Badala yake alisimama pale na chupa ya chai mpaka mzee akaamka mwenyewe, akajifuta udenda, akatutazama mmoja mmoja. Yusufu akamweleza alichokitenda.

"Nimemwacha nani?" akanong'ona.

"Mkeo."

Uso wa mzee haukubadilika hata kidogo. "Mwone," Yusufu akamwambia dada yake, "wala hajali."

"Hapo analia," nikasema. Nilikuwa nimeshakaa katika nyumba ile vya kutosha kuujua ule uso.

Bi Mwanakombo akamtazama mumewe, akaingia ndani, akatoka na helmeti yake na kanga mbili. Akapita mbele yetu sote, akaingia chumbani kwangu.

Sheikh wetu, Sheikh Fadhili, alikuwa amekwenda Newala kwenye harusi, na hakuna aliyejua angerudi lini. Yusufu akaamua kwamba mpaka atakaporudi, dada yake yuko katika eda na asikae chumba kimoja na mwanamume yule. Kuhamia Madimba dada alikataa. Ndivyo nilivyopata mgeni kitandani kwangu, mwanamke mtu mzima anayelala na helmeti kwa mazoea tu, ambaye kila akigeuka ananigonga nayo kwenye sikio. Nilimwomba aivue. Akasema bila hiyo usingizi hauji.

Suala la dawa ndilo lililokuwa kichekesho kamili. Dawa za mzee zinataka kumezwa kabla ya chakula, na wa kuzijua ratiba zake ni Bi Mwanakombo peke yake. Lakini mtalaka hazungumzi na mtalaka. Basi watu hawa wawili walikaa barazani hatua chache mmoja kutoka kwa mwenzake, mimi katikati.

"Mwalimu, mwambie huyo bwana ameze kidonge cheupe."

Nikamwambia. Mzee akaninong'oneza.

"Anauliza cheupe kipi," nikasema.

"Mwambie kile anachokijua miaka yote. Na mwambie asikitafune, si mng'oko huo."

Nikamwambia. Mzee akameza, kisha akaninong'oneza tena, na hili sikutaka kulifikisha lakini nilikuwa nimeshaajiriwa. "Anasema chai ya Yusufu haina sukari."

Bi Mwanakombo akatazama upande wa mto. "Mwambie aliyataka mwenyewe," akasema, lakini alikwenda jikoni akarudi na kopo la sukari, akalipitisha kwangu.

Yusufu ndiye aliyebaki kumwuguza shemeji yake, akalala naye kitanda kimoja kama mtu anayetimiza wajibu. Asubuhi ya kwanza alitoka na mdomo umevimba. Asubuhi ya pili alitoka akishika mbavu, akasema amesukumwa majini. Asubuhi ya tatu alikuja kwenye mlango wangu, akakohoa kwa heshima, akaomba aazimwe helmeti.

"Elementi ni yangu," Bi Mwanakombo akamjibu toka ndani. "Nimeachwa nayo."

Mimi nilicheka mpaka nikaona aibu, maana nilipogeuka nilimkuta yeye hacheki. Ameketi ukingoni mwa kitanda, helmeti mapajani. Nikamwambia, Bibi, hili litakwisha, sheikh atakuja, kila mtu anajua mzee alikuwa amelala. Na kwa kuwa lilikuwa limenikaa siku nyingi, nikamwuliza kwa nini tangu mwanzo hakukubali kitanda cha pili.

Watu wa huku m nyingi huzigeuza n, na yeye akiwa na jambo zito ndiyo huzidi. "Nchana simpati," akasema. "Nchana yupo, nanlisha, nanvika, lakini ntu mwenyewe simpati. Ananong'ona kama anaomba radhi. Akilala ndiyo anakuja Hemedi. Anaongea. Na mimi naitikia."

Akanisimulia. Alipokuwa msichana alikuwa akienda Msumbiji kwa shangazi yake, akachelewa kivukoni. Abiria wamejaa, jua kali, wanamfokea mvushaji aondoke. Mvushaji huyo hakutangaza hata mara moja. Alisimama na kasia lake akamsubiri ateremke ule mteremko wote. Mtumbwi ulikuwa unavuja, akampa kopo, akamwambia, wewe chota maji umwage, ndiyo nauli yako. Alichota mpaka ng'ambo. Na sasa uzeeni, mzee akiota, humwita achote maji, naye humjibu gizani kwamba anachota.

"Anauliza, yamepungua? Nikijibu yamekwisha, basi, anafika, anaamka, na ile sauti inabaki hukohuko ntoni. Kwa hiyo najibu bado." Akaifuta helmeti kwa kanga. "Lakini tangu nfungo uishe hajanitaja, Mwalimu. Anataja viboko, anataja abiria nisiowajua. Mie sipo. Halafu ananiacha mara tatu mbele ya watu. Ntu aliyenisubiri mie ntoni."

Nilimkumbatia. Miezi mingi nilikuwa nalalamika juu ya kelele, na kumbe ng'ambo ya ukuta watu walikuwa wanazungumza.

Sheikh Fadhili alirudi siku chache baadaye. Ni kijana, ana pikipiki na ana mikorosho, na kipindi kile watu wanaipulizia dawa ya salfa, kwa hiyo alitufikia moja kwa moja kutoka shambani, vumbi la njano limejaa kwenye nyusi. Alikaa barazani akasikiliza maelezo ya Yusufu, ambayo yalikuwa marefu. Akatoa hukumu ambayo ilikuwa fupi.

"Aliyelala haandikiwi neno mpaka aamke. Hakuna talaka. Nina mikorosho inanisubiri."

"Hakuwa amelala," Yusufu akasema. "Alikaa, macho wazi, akamtazama. Mwalimu aulizwe."

Nikaulizwa. Nikasema macho yalikuwa wazi na mtu alikuwa anakoroma. Sheikh akaandika neno hilo hewani kwa kidole, kana kwamba anatafuta pa kuliweka.

"Sheria nimeisikia, sheikh," Bi Mwanakombo akasema kutoka kizingitini kwangu, "na nashukuru. Lakini mimi nataka kujua alikuwa anamwambia nani."

"Hilo halimo katika sheria, mama."

"Kwangu limo."

Sheikh akapumua. Mzee Hemedi aliketi kwenye mkeka mkono unacheza, akimtazama mkewe, na midomo yake ikawa inatafuta neno ambalo hakuna aliyelisikia. Nikaona sheikh naye ameuona ule uso, akausoma, maana aliweka chini ufunguo wa pikipiki.

"Basi alale," akasema. "Tumwone kwa macho yetu."

Kumbe si jambo dogo kumlaza mtu kwa amri. Mzee huyu husinzia akiwa anakula, husinzia akinyolewa, aliwahi kusinzia amesimama akipokea rambirambi za msiba wa kaka yake. Siku ile, tumezunguka mkeka na tumemkazia macho, usingizi ukamkataa kabisa. Alilala chali anatutazama. Bi Mwanakombo akapika ugali wa muhogo na samaki wa nazi, tukala wote ili mzee ashibe. Tulinawishana kwa kopo, tukaketi tena. Sheikh aliegemea nguzo, akasema anafumba macho ili atafakari, na baada ya muda kutafakari kwake kukaanza kusikika hadi barabarani. Yusufu, ambaye hakuwa amelala wiki nzima kwa kupigwa makasia, alishuka taratibu kwenye mkeka akajinyoosha ubavuni mwa shemeji yake, kofia imemwangukia puani. Tukabaki wanawake wawili macho. Nilitamani kucheka na nilikuwa na hofu, kwa sababu nilijua Bi Mwanakombo anasubiri nini, na nilijua kwamba huenda asiitwe.

Mkono wa mzee ukatulia kwanza. Kisha vidole vikajikunja kama vimeshika kitu, akaketi wima, mabega yakafunguka, na nikamwona kijana aliyekuwa zamani. Akatazama kule juu, juu kabisa ya paa la jirani.

"Yusufu!" akaita. Sheikh akagutuka. "Nilikwambia ndizi utazikuta ng'ambo. Watu wamejaa. Nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha."

"Nisubiri, shemeji," Yusufu akajibu, amelala, mikono inapapasa kofia. "Nakuja, nisubiri."

Akaamka kwa sauti yake mwenyewe. Alitutazama, akamtazama sheikh, akavaa kofia upande. Sheikh Fadhili alijaribu kukaa na uso wa kazi, nikamwona anashindwa.

"Basi, Bwana Yusufu," akasema, "kama kuna talaka hapa, ni yako. Eda yako ukaikalie kwenu Madimba."

Hata Yusufu alicheka, akishika mbavu zake zinazouma. Bi Mwanakombo hakucheka. Alikuwa amesogea mpaka miguuni mwa mkeka, mahali pale pale aliposimama ile Ijumaa na chupa ya chai, na helmeti anayo mkononi. Mzee alikwisha sukuma mtumbwi, anapiga kasia kushoto, anapiga kulia, anawaambia watu wakae chini. Akamwambia mmoja afunge kuku wake vizuri. Hakumtaja mkewe. Bi Mwanakombo akamngojea, kama yeye alivyongojewa. Nilianza kuomba, kwa namna yetu ya Njombe.

Mzee akatazama miguu yake.

"Maji haya," akasema. "Mwanakombo yuko wapi? Sisogezi mtumbwi huu mbele bila Mwanakombo."

"Nipo," akasema.

"Mbona kimya hivyo? Siku hizi nakuita huitiki."

"Nipo, Hemedi. Sikusikia."

"Chota maji, mke wangu. Yananifika vifundoni."

Bi Mwanakombo akaiweka helmeti chini, akachukua lile kopo tulilonawia, akapiga magoti juu ya mkeka mbele ya sheikh na mdogo wake na mpangaji wake, mchana kweupe, akaanza kuchota. Alichota kutoka kwenye mkeka mkavu na kumwaga nje ya baraza, kwa mwendo ule ule wa kasia la mumewe. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Sheikh alinyanyua miguu akakunja kanzu yake mpaka magotini, na nikajikuta nami nimeokota madaftari ya darasa la tano na kuyapakata yasilowe. Nilikuwa nalia, wala sikuona haya.

"Yamepungua?" mzee akauliza, na sauti yake ikajaa uwanja wote.

Mkeka ulikuwa mkavu na mkono wa kopo ulikuwa umeanza kuchoka.

"Bado," Bi Mwanakombo akasema. "Piga tu kasia. Bado yapo mengi."